Kinyonga jike mwenye mayai: naomba msaada wa haraka (Goba, Dar)

MamaKijani (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa yeyote anayewajua vinyonga vizuri.

Kuna kiwanja huku kwetu Goba kilikuwa kichaka miaka yote, juzi katapila likaingia kusafisha. Watoto wa mtaani wakamkuta kinyonga mkubwa wa kijani kwenye lundo la matawi, wakaanza kumrushia mawe. Nikawafukuza na kumchukua. Sasa hivi yuko sebuleni kwenye katoni niliyoitoboa matundu, nimemwekea matawi ya mpera.

Tumbo limejaa pande zote mbili, na ukimwangalia kwa karibu unaona vinundu vinundu chini ya ngozi. Tangu jana hataki panzi. Haparami tawi, anazunguka chini kona hadi kona anakwangua katoni kwa mikono. Maji nimemwekea kwenye kisosi, hayagusi.

Mama mkwe anasema ana mayai, na kwamba kinyonga akifika siku ya kuzaa anapasuka tumbo na kufa, kwa hiyo nimrudishe nje akafie huko. Binti yangu amelia mpaka macho yamevimba. Hili la kupasuka ni kweli? Na kama si kweli, nifanye nini usiku huu?

BustaniKimara

Dada pole, na hongera kwa kumwokoa. Nianze na la kupasuka kwa sababu ndilo linalowaua wengi.

Si kweli. Wengi wetu tumekua tukiambiwa hivyo, mimi pia niliambiwa na bibi yangu. Kinyonga wa kijani wa huku Pwani, yule mwenye mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa (kitaalamu Chamaeleo dilepis), anataga mayai ardhini. Anashuka mtini, anachimba shimo, anageuka ndani na kutaga, kisha anafukia na kushindilia udongo mpaka usijue kama pamechimbwa. Akimaliza anarudi mtini na maisha yanaendelea, na anaweza kutaga tena baadaye.

Nadhani imani ilitokana na kile watu wanachokiona barabarani. Jike mwenye mayai ndiye anayeshuka chini kutafuta udongo, na kwa mwendo wake ule anavuka barabara akikanyagwa na bodaboda, au anapigwa jiwe. Tumbo linapasuka kweli, mayai yanatapakaa, na anayepita baadaye anasema kapasuka kwa kuzaa. Aliuawa, hakuzaa.

Sasa huyo wako. Kukataa kula, kushuka chini, kukwangua kona: anatafuta pa kutagia. Ndani ya katoni hapati, na asipopata ataendelea kuyashikilia mayai mpaka yamuue. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na dawa yake ni ndoo ya udongo. Fanya usiku huu huu, usingoje kesho.

Chukua ndoo ya lita 20, iwe safi, isiwe iliyowahi kuwekewa rangi wala dawa. Changanya mchanga wa kujengea uliooshwa na udongo wa kawaida wa bustani, nusu kwa nusu. Usichukue mchanga wa baharini, una chumvi. Usichukue udongo wenye mbolea ya dukani au uliopigwa dawa ya mchwa. Nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukichanganya, kisha fumbata kiganjani: ukifungua kiganja ubaki umeshikana kama tonge, na usichuruzike maji. Ukiwa mkavu shimo litamporomokea, ukiwa tope hatachimba kabisa. Jaza mpaka kina kifike kama sentimita 30. Usishindilie sana.

Halafu mtoe kwenye katoni. Una chandarua cha zamani? Au kabati la chakula lenye wavu? Anahitaji mahali parefu kwenda juu, penye hewa inayopita, matawi ya kupanda, na hiyo ndoo chini iwe sehemu ya chumba chake. Egemeza tawi litoke juu liingie kwenye ndoo ashuke mwenyewe.

La mwisho kwa leo, na naomba ulizingatie kuliko yote: asimwone mtu. Zungushia khanga pande zote. Kinyonga akiwa anachimba akahisi anatazamwa, anaacha shimo na kupanda juu, na anaweza asirudi. Binti asichungulie. Paka asiingie chumba hicho.

MamaKijani

Asante sana kaka. Mchanga nimepata kwa jirani anayejenga. Nimesimamisha stendi ya nguo nikaivisha chandarua, ndoo iko chini, matawi ya mpera na haibiskasi ndani. Ila kuhusu maji sijaelewa. Hanywi kabisa?

BustaniKimara

Anakunywa, ila hayatambui maji yaliyotulia kwenye chombo. Kwake maji ni matone kwenye majani. Nunua chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia nguo pasi inatosha kama haijawahi kuwekewa kemikali, na nyunyiza majani mpaka maji yadondoke. Fanya taratibu, dakika kadhaa. Utamwona anasogeza mdomo kwenye jani na ulimi unalamba. Usimpulizie usoni.

Jike mwenye mayai anahitaji maji kuliko chakula. Maji yakipungua mwilini mayai hayatoki. Angalia macho yake: yakiwa yamejaa na yanazunguka huku na huku, yuko vizuri. Yakizama ndani kama vishimo, ana kiu kali.

Haibiskasi ni nzuri, hata akitafuna jani haimdhuru. Ila kama ua wenu ni wa mnyaa, tafadhali usikate matawi yake kumwekea. Utomvu wake unaunguza macho, ya kwake na ya binti.

KijanaMbagala

Mkuu mimi nilijua kinyonga ana sumu, akikung'ata unavimba. Huyu mama hajihatarishi na mtoto ndani ya nyumba?

BustaniKimara

Hana sumu ya aina yoyote, ndugu yangu. Akiogopa anajaza hewa, anafungua mdomo, ngozi ya chini ya koo inatanuka unaona mistari ya rangi ya chungwa. Anakutisha kwa sababu hana mbio. Ukimkamata kwa nguvu anaweza kubana kidole kwa taya, basi. Mnawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kama mnavyofanya mkishika kuku, kwa sababu reptilia wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

VetiTemeke

Nimeusoma uzi, mimi ni daktari wa mifugo. Maelezo ya Bustani ni sahihi, naongezea upande wa hatari.

Jike kushindwa kutaga ni tatizo linalojulikana. Linaletwa na mambo machache: hana pa kutagia, amepungukiwa maji, amepungukiwa madini ya kalsiamu, ana hofu ya kudumu, au mayai yenyewe yamekaa vibaya. Yai linasukumwa na misuli, na misuli bila kalsiamu haina nguvu.

Kukataa kula peke yake kusikutishe, wenye mayai huacha kula siku kadhaa kabla ya kutaga. Kinachonitisha mimi ni hivi: amefumba macho mchana, mkono haushiki tawi kwa nguvu, amelala chini bila kutembea, anasukuma na hakitoki kitu, au ametaga machache kisha akaishiwa nguvu huku tumbo bado lina vinundu. Ukiona mojawapo, usikae naye nyumbani. Kliniki yenye eksrei itaonyesha mayai na jinsi yalivyokaa. Kuna sindano ya kalsiamu, kuna kuongezewa maji, kuna homoni ya oksitosini kwa wale ambao njia iko wazi, na ikishindikana upasuaji. Kliniki nyingi za hapa Dar zimezoea mbwa, paka na kuku, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama wanatibu reptilia. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro wana madaktari wa wanyama wanaofundisha, unaweza kuomba ushauri huko pia.

Na nawasihi wote: msimkande tumbo, msimbonyeze "kumsaidia". Mayai yake yana ganda laini, yakipasukia ndani mmemuua.

NyumbaNdogoTabata

Daktari, kalsiamu tunaipata wapi? Dukani nimeona chokaa tu.

VetiTemeke

Umeuliza jambo muhimu sana. Kuna chokaa mbili. Chokaa ya kupakia ukuta inaunguza, isikaribie mdomo wa mnyama yeyote. Chokaa ya mifugo, ile ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai, ndiyo yenye kalsiamu inayofaa. Iko kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Unga wa mifupa sishauri kwa huyu, una fosforasi nyingi na wadudu anaokula tayari wanayo ya kutosha.

Kama duka ni mbali, chemsha maganda ya mayai ya kuku, yakaushe, yasage mpaka yawe unga laini kabisa, uchekeche. Weka panzi kwenye mfuko, tia unga kidogo, tikisa, mpe. Inatosha.

Na jua. Bila mwanga wa jua mwili hautengenezi vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi. Ughaibuni wananunua taa maalumu, sisi tunalo jua la bure la asubuhi. Lakini si kupitia kioo cha dirisha, kioo kinazuia mionzi anayoihitaji. Na kamwe usimweke juani ndani ya chombo cha plastiki au kioo, kwa joto la Dar anaiva ndani ya muda mfupi. Awe kwenye wavu, na nusu ya matawi iwe kivulini achague mwenyewe. Ukiona rangi imepauka na amefungua mdomo bila kutishwa, amezidiwa na joto, mpeleke kivulini.

MwanasheriaWaMtaa

Samahani, niulize lisilopendeza. Kufuga kinyonga si kosa? Nisingependa dada apate matatizo kwa kutenda wema.

BustaniKimara

Umefanya vizuri kuuliza. Kinyonga ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga kunahitaji kibali. Wanaosimamia ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Vinyonga hawa wako pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyama kati ya nchi na nchi, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo yule kijana anayekufuata barabarani na kinyonga kwenye chupa akitaka elfu kumi, usimnunulie hata kwa huruma. Ukimnunua huyo, kesho anarudi porini kukamata wengine.

Dada, msimamo wangu ni huu: huyo si wa kufuga, ni mgeni. Wapigie maofisa wa wanyamapori uwaeleze hali ilivyo. Kama kichaka chake kingekuwepo ningekwambia mrudishe leo leo akatage alikozoea, ndiyo tiba bora kuliko ndoo zote. Kwa kuwa katapila liko hapo, atage kwako salama, apate nguvu, kisha mumtoe kwenye kichaka kilicho karibu na alipotoka. Msimpeleke Pugu wala Bagamoyo mkidhani mnamfanyia hisani. Tafuteni hapo hapo Goba, bondeni kwenye vichaka ambavyo havijaguswa.

MamaKijani

Nimewapigia, wameniambia nimtunze kwa utulivu na niwape taarifa. Asanteni kwa hilo.

Sasa habari yenyewe. Asubuhi nilipita taratibu nje ya khanga nikasikia mchanga unakwaruzwa. Nikaondoka bila kuchungulia. Mchana kimya. Nimesubiri jioni nikafunua upande mmoja kidogo: yuko ndani ya shimo, nyuma tu ndiyo inaonekana, na ngozi imekuwa nyeusi nyeusi. Yuko sawa? Nimtoe alale mtini?

BustaniKimara

Usimtoe! Yuko kazini. Rangi kuiva ni kawaida kipindi hiki. Wengine wanachimba siku nzima, wanalala shimoni, wanamalizia kesho yake. Funika khanga, zima taa kama siku zote.

Jambo moja nilisahau kulisema: siafu na sisimizi. Msimu huu wa mvua wanaingia mpaka ndani, na jike akiwa shimoni hawezi kukimbia. Weka kila mguu wa stendi kwenye kopo la maji, vile tunavyofanya kwa kabati la chakula. Ndoo nayo iweke ndani ya beseni lenye maji kidogo. Dawa ya kupuliza usitumie, itamuua yeye kabla ya sisimizi.

ArushaMwenyewe

Naomba kuuliza hapo hapo. Huku kwetu Meru kuna wa pembe tatu, na mmoja bustanini tumbo limejaa hivyo hivyo. Nimwekee ndoo pia?

BustaniKimara

Huyo ni tofauti. Wa pembe tatu wa Mlima Meru huzaa watoto hai, hatagi. Mwenye pembe tatu ndefu kwa kawaida ni dume, kwa hiyo mwangalie vizuri. Kama yuko bustanini kwako mwenyewe na anakula, mwache hapo hapo. Hakuna unachoweza kumpa ambacho bustani haijampa. Usipulize dawa tu kwenye mboga zilizo karibu naye.

MamaKijani

AMETAGA! Nimemkuta juu ya tawi, uso na mikono imejaa udongo mkavu, tumbo limeingia ndani kabisa mpaka mbavu zinaonekana na ngozi inaning'inia pembeni. Shimo limefukiwa, juu pamekuwa sawa kabisa, ningekuwa sijui nisingeamini. Mama mkwe amekuja kumwona mwenyewe. Amesimama muda mrefu, akasema "kumbe yuko hai", akaenda kumtafutia panzi.

Sasa nifanye nini kwanza?

VetiTemeke

Hongera sana. Maji kwanza. Nyunyiza majani taratibu kwa muda mrefu, mara nyingi leo, anywe mpaka ageuke mwenyewe. Baada ya hapo panzi wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu, mmoja mmoja. Panzi watoke kwenye nyasi ambazo hazijapuliziwa. Mende wa ndani hapana, huwezi kujua wamekula dawa gani kwa jirani. Akianza kuurusha ulimi kwa nguvu na kushika tawi vizuri, ujue amevuka. Ikiwa baada ya siku mbili tatu bado hajagusa chakula au macho yamezama, mpeleke akaangaliwe, huenda kuna yai lililobaki.

MamaKijani

Anakunywa sasa hivi tunavyoongea. Mayai je? Tumefukua kidogo pembeni kwa kijiko tumeona meupe, marefu kidogo, yamepangana. Tumefukia. Binti anataka tuyatunze ndani yaanguliwe.

BustaniKimara

Nampongeza binti, ila asikilize kwanza. Kinyonga wa aina hii anaweza kutaga kati ya mayai 20 na zaidi ya 50, na yanakaa ardhini muda mrefu sana, karibu mwaka. Watoto wanatoka ardhi inapolowa vizuri, na wadudu wadogo wakiwa tele. Kuyatunza sebuleni mwaka mzima bila kukauka na bila kuota ukungu ni kazi kubwa, na wakitoka utahitaji vijidudu vidogo sana kila siku kwa watoto makumi. Sishauri. Ardhi ya Goba inajua kazi hiyo.

Kama mna kona ya shamba yenye kichaka, isiyofurika mvua ikinyesha na isiyokauka kabisa kiangazi, chimbeni kina kile kile mlichoyakuta. Fukueni ndoo kwa mkono, polepole. Kila yai litieni alama ndogo ya penseli upande wa juu kabla ya kuliinua, na mliweke kwenye shimo jipya alama ikiwa bado juu. Msiligeuze. Mtoto anayeanza kukua ndani anashikilia upande mmoja, likigeuzwa anakufa. Yaliyoshikana msiyabandue. Lililo la njano na limenyauka tangu mwanzo huenda halikurutubishwa, lakini lizikeni na wenzake, msihukumu mapema. Fukieni kwa udongo ule ule wa ndoo, ushindilieni kwa kiganja tu.

NyumbaNdogoTabata

Na kuku? Kwetu kuku wakiona udongo mpya wanachakura siku hiyo hiyo.

BustaniKimara

Kweli kabisa, na kenge pia. Laza wavu juu ya udongo, pembeni uukandamize kwa mawe. Utumie wavu wa kuku wa matundu mapana, si wavu wa mbu. Watoto wakitoka wana urefu wa sentimita chache tu, lakini lazima wapate tundu la kupita, na wavu wa mbu utawafungia chini wafe. Panda kitu kifupi karibu, hata majani ya kawaida, wapate pa kukimbilia.

MamaKijani

Wavu wa kuku upo, ulibaki tulipojenga banda. Kona ya nyuma karibu na mhibiskasi haitwami maji, tutaweka hapo kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Mama mtu tutamwachia kwenye kile kichaka cha bondeni akishapata nguvu, nimeshaongea na mwenye eneo na hana mpango wa kusafisha mwaka huu. Nauliza la mwisho: tumwachie saa ngapi?

BustaniKimara

Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, siku isiyo na mvua kubwa. Apate kunywa, apate jua la kumpasha mwili, na awe na mchana mzima wa kutafuta tawi la kulalia. Mshikizeni mwenyewe kwenye tawi lenye majani mengi, juu ya kimo cha mtu, mbali na njia ya watoto wa shule.